Uzi: Adui mkuu wa levo za juu anataka nini, na mashujaa wanaoweza kila kitu unawabana wapi?

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu ni kwa wale mnaoongoza michezo ya kuigiza wahusika ya fantasia, hasa ninyi ambao wachezaji wenu wameshavuka levo (ngazi ya uwezo wa mhusika) ya 15 na mnajiuliza: adui wa mwisho awe nani, ana shida gani na dunia, na atawasumbua vipi watu wanaofufua wafu na kuvuka bara zima kufumba na kufumbua?

Nitatumia kanuni za Dungeons & Dragons toleo la 5, lililotoka 2014, kwa kuwa wengi mnalijua. Kama mnacheza mfumo mwingine, badilisheni tarakimu tu, hoja ni ile ile.

Niseme msimamo wangu mapema. Adui wa levo za juu hapatikani kwa kuongeza pointi za uhai. Mwenye 300 ukimpa 600 ni yule yule, ila pambano limechukua saa mbili zaidi na watu wamechoka. Anayefaa ni yule ambaye kifo chake hakimalizi tatizo, na ambaye haja yake imezaliwa na nguvu zile zile walizo nazo mashujaa. Wakimsikiliza, waone kwamba wao nao, kama mambo yangekwenda kombo kidogo, wangekuwa yeye.

Haja za namna hiyo mimi nazitafuta kwenye mipaka ya uchawi. Fungua kanuni, soma uchawi mkubwa mmoja mmoja, lakini usisome unafanya nini. Soma unakomea wapi. Pale unapokomea, kuna mtu ameachwa nje, ana uchungu, ana uwezo, na ana muda wa kupanga.

Chukua ufufuo. Una ngazi zake. Wa chini kabisa unataka mtu aliyekufa ndani ya dakika moja na almasi za thamani ya dhahabu 300. Unaofuata unakubali siku 10 kwa almasi ya 500. Halafu upo wa miaka 100, almasi ya 1,000. Wa juu kabisa, ambao kuhani anaupata levo ya 17, unarudi nyuma hadi miaka 200 na hauhitaji hata mwili, ila unateketeza almasi za dhahabu 25,000. Juu ya hapo kuna masharti mawili ambayo hakuna hazina inayoyanunua: marehemu asiwe amekufa kwa uzee, na roho yake iwe huru na iwe radhi kurudi.

Hapo tayari kuna maadui wanne.

Wa kwanza ni mchawi aliyekesha maisha yake yote akiisaka nguvu ya kumrudisha mwanawe, akajigeuza mfu anayeishi ili muda umtoshe, na alipoipata ikawa ni mwaka wa 201. Huyu hataki ufalme wala utajiri. Anataka mwaka mmoja urudi nyuma. Tambiko lake likikamilika, dunia nzima inarudi pamoja na mwaka huo, na kila aliyezaliwa ndani yake hatakuwa amezaliwa. Angalieni umri wa watoto wanaowajua mashujaa wenu.

Wa pili ni malkia ambaye mumewe alikufa kwa uzee, kifo kisicho na muuaji wa kulipiziwa. Amefuatilia sheria hiyo ilikotoka hadi kwa mungu wa mauti, na amekusudia kumwua. Akifaulu hakuna atakayekufa tena. Kaeni na hilo kidogo: askari aliyekatwa vipande hafi, mgonjwa wa homa kali hafi, na maumivu yao yanaendelea. Mnaweza kuwaonjesha wachezaji hali hiyo mapema, kwenye kijiji kimoja ambako malkia alifanyia jaribio.

Wa tatu ni shirika la watawa wanaonunua almasi zote duniani na kuzisaga. Wameona kwamba mfalme katili akichinjwa leo, kesho yuko kwenye kiti chake, kwa sababu ana dhahabu 500. Mtoto wa mkulima akianguka mtini anazikwa. Wanasema ufufuo umewafanya wenye nacho kuwa miungu, na wao wataurudisha usawa wa kaburi. Mimi huyu nampenda kuliko wote kama adui wa kisiasa, maana wanaowatuma mashujaa kumzuia ni wafalme wale wale. Na mashujaa wenyewe wamefufuliwa mara ngapi?

Wa nne anahitaji nafasi zaidi, kwa hiyo nampa sehemu yake.

Mleta uzi, sehemu ya pili: mke aliyekataa kurudi

Huyu alikuwa shujaa wa levo ya 20. Aliiokoa dunia. Mkewe alikufa vitani, na baada ya vita akakusanya almasi za dhahabu 25,000, akampata kuhani, maneno yakasemwa, almasi zikageuka vumbi. Mke hakuja. Kanuni iko wazi: roho isiyotaka hairudi. Yuko mahali pa raha, amepumzika, amekataa.

Mume angeweza kuamini mambo mengi. Angeweza kusema roho imetekwa, na kwa miaka ya mwanzo ndivyo alivyosema. Alivamia kuzimu akitafuta gereza ambalo halipo. Siku alipothibitisha kwamba yuko huru na amechagua mwenyewe, hapo ndipo alipoharibika. Sasa mpango wake ni mmoja: kuiangamiza pepo ile. Akiivunja, mkewe hatakuwa na mahali pazuri kuliko kando yake. Hajioni mwovu. Anasema anaondoa kishawishi.

Kwa nini nimemng'ang'ania huyu? Kwa sababu anawagusa wachezaji kwenye jambo ambalo kanuni zimewazoesha kulichukulia kama haki yao. Kila mara mwenzao alipoanguka, walitoa almasi, akarudi, mchezo ukaendelea. Mwulize mchezaji ambaye mhusika wake ameshafufuliwa: ulipokuwa kule, uliona nini? Kwa nini ulikubali kurudi? Mpe muda ajibu akiwa mhusika wake. Jibu lake litafanya kazi mchezo mzima, kwa kuwa adui huyu akikutana nao atamwuliza swali hilo hilo, akiwa na kiu ya kweli ya kujua. Yeye ndiye mtu pekee mezani anayetaka kumsikiliza aliyerudi.

Halafu kuna mke. Msimfanye kuwa picha ukutani. Mashujaa wa levo hii wanaweza kwenda huko aliko na kuongea naye. Kwa hiyo kabla hamjaanza, amueni ninyi waongozaji kwa nini alikataa. Napendekeza isiwe kwamba mume alikuwa mkatili, hiyo ingemrahisishia kila mtu. Bora awe alimpenda, na bado amechoka na vita. Alikuwa ameolewa na mtu ambaye kila mwaka dunia ilimhitaji, na hakuwahi kuwa na asubuhi ya kwao wawili. Wachezaji wakilisikia hilo watawakumbuka wazazi, wadogo zao na wapenzi wa wahusika wao ambao kikao hadi kikao hawatajwi.

Karibuni kwa maswali. Leteni na yenu.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, upande wa nia nimekuelewa na wa nne nimemchukua. Kilichonileta ni pambano lenyewe. Nina wachezaji wanne, wako levo ya 17. Adui akishajitokeza tu, raundi ya kwanza anafanya yake, raundi ya pili mchawi wao ameshamgeuza chura au amemfungia ndani ya kuta za nguvu, basi. Hotuba yote niliyoandaa hakuna anayeisikia. Nikiwapunguzia nguvu wananuna, na wana haki, wamezitafuta kwa miaka. Nafanyaje?

Mleta uzi

Mkuu, usiwapunguzie. Hilo la haki umelisema vizuri. Ukizuia uchawi alioupata kwa jasho, umemwambia kwamba levo 17 zote hazikuwa na maana.

Upande wa kanuni kuna vifaa vya kutosha, ni kuvitumia tu. Adui mkuu awe na ukaidi wa kipekee, ule wa kwamba akishindwa dadu ya kujinusuru, ile inayorushwa kuukwepa uchawi, anaamua amefaulu, kwa kawaida mara 3 kwa siku. Awe na vitendo vya ziada kati ya zamu za wengine, na makao yake yenyewe yapigane, jambo linalotokea kwenye hesabu ya 20 ya mpangilio wa zamu. Na asiwe peke yake. Mtu mmoja dhidi ya wanne ana zamu moja kwa nne, hata awe nani. Mpe luteni mwenye uwezo wa kuvunja uchawi wa wenzake, na mwingine ambaye mashujaa hawataki kumwumiza.

Lakini hayo yanakusogezea raundi mbili tatu tu. Dawa yenyewe ni kwamba vita isiwe juu ya kumwangusha. Kwenye kila pambano la levo hii najiuliza: kama wangemwua raundi ya kwanza, ni nini bado kingekuwa kinaendelea kuungua? Kama hakuna, pambano halijawa tayari.

Tazama uchawi wa kujihamisha, ule unaolalamikiwa sana. Ni wa daraja la 7 (uchawi una madaraja yake, tofauti na levo ya mhusika). Mchawi wa levo ya 17 ana nafasi moja, yaani ruhusa ya kutamka mara moja, ya daraja la 7, moja ya la 8 na moja ya la 9. Kwenda ni nafasi moja, kurudi ni nyingine, na kila aliyoitumia kwa safari hana tena kwa vita hadi alale saa 8. Na anachukua watu 8 tu pamoja naye. Sasa weka mji ambao bahari inauzamisha usiku huu. Mashujaa wanafika kwa pumzi moja, safi kabisa, usiwazuie. Gati limejaa watu elfu. Nani hao 8? Hujamnyima mchezaji nguvu yake. Umempa nguvu yake na kumwuliza ataifanyia nini. Kama ataitumia kuwahamisha watu, adui atamkuta bila nafasi. Kama ataibakiza, anajua ameiacha mikono mingapi ikimpungia.

Halafu zidisha pande. Mambo matatu, sehemu tatu, usiku mmoja. Kundi la levo ya 17 linaweza kugawanyika, na likigawanyika ndipo kila mhusika anapong'aa na ndipo kila mmoja anapohitaji wenzake. Huwa natangaza wazi kwamba yote matatu hayawezi kufanyika. Wachezaji wakubwa hawahitaji kufichwa hilo. Wakilijua wanabishana, na ubishi wao ndio kikao chenyewe. Wewe kunywa maji.

Mchangiaji wa pili

Natofautiana kidogo na mleta uzi. Siku hizi kila adui lazima awe na kidonda, lazima tumhurumie. Wachezaji wangu wanataka mtu wa kumchukia. Wanataka wamkute, wamshushie dadu zote walizo nazo, walale wameridhika. Kuna ubaya gani adui akiwa mbaya tu?

Mleta uzi

Hakuna ubaya wowote, ndugu yangu, na nisieleweke kwamba nataka kila mtu alie. Haja siyo huruma. Joka la kale, lile lililovuka miaka 800, linaweza kutaka kutawala kwa kuwa linaona viumbe vinavyoishi miaka 70 havina uzito, vinapita kabla halijamaliza kulala. Hapo sikupi sababu ya kulihurumia. Nakupa sababu ya kujua litafanya nini kesho. Hilo ndilo linalomsaidia mwongozaji: wachezaji wa levo ya juu watafanya jambo ambalo hukuliandaa, watakwenda mahali ambapo hukuchora ramani, na kama unajua adui anataka nini, unajua atajibuje papo hapo. Usipojua, utabaki unabahatisha, na wachezaji wanahisi.

Ila kuhusu chuki, nina jambo. Wachezaji hawamchukii adui kwa sababu ameua miji mitano waliyoisikia kwa mjumbe. Wanamchukia kwa jambo dogo alilowafanyia wao. Amewashukuru hadharani kwa kazi waliyoifanya kumzuia, maana kumbe ilimsaidia. Amemwita mmoja wao kwa jina la utotoni. Ameajiri mtu waliyemwokoa levo ya 3, na mtu huyo ana raha kuliko walipomwacha. Kama unataka chuki safi, mfanye adui wako awe na adabu, awe mkarimu, na awe sahihi kwenye jambo moja wasilotaka kulikubali. Wakimwangusha huyo watasimama vitini.

Kitu kimoja ningeomba uepuke ni adui anayetaka kuangamiza kila kitu pamoja na yeye mwenyewe, bila sababu. Huyo hana cha kujadiliana, hana cha kupoteza, hawezi kutishwa wala kununuliwa, na wachezaji wako wenye kauli tamu na akili za kisiasa wanabaki hawana kazi. Wanabaki wapiga mishale tu.

Mchangiaji wa tatu

Nami nichangie, kwa njia hiyo hiyo ya mipaka ya uchawi. Kuna uchawi wa kifungo wa daraja la 9. Aliyefungwa hazeeki, hali, hapumui, anakaa humo hadi sharti alilotamka mfungaji litimie. Sharti linaweza kuwa la ajabu kiasi gani, ila liwe ni jambo linaloweza kutokea kweli. Nimefikiria mfungwa wa miaka 300 ambaye sharti lake ni "hadi mfalme wa nchi hii asamehe adui yake mbele ya watu". Nchi ile ikawa na wafalme wakali vizazi vyote, makusudi, wakijua kwa nini. Halafu wanakuja mashujaa wetu, wanapatanisha falme mbili, kila mtu anashangilia, mfalme anasamehe. Mlango unafunguka.

Sijajua tu mfungwa mwenyewe anataka nini.

Mleta uzi

Hili ni zuri sana, tena sana, kwa sababu mashujaa wamefanya jema na jema ndilo lililofungua. Msikubali mtu aliguse na kuliharibu kwa kusema walidanganywa. Hapana, ule upatanisho uwe wa kweli na ubaki wa kweli.

Kuhusu anachotaka: mpe akili timamu. Miaka 300 hakulala. Akitoka, wote aliowakosea wamekufa, na wote waliomkosea wamekufa. Hana wa kumlipiza. Kwa hiyo nadhani kinachomsukuma ni lile sharti lenyewe. Vizazi kumi vya watu walilelewa katika ukatili ili yeye asitoke, wakanyongwa wengine kwa kosa la kuhubiri msamaha. Yeye analichukulia taifa lile kama mlinzi wa gereza lake. Anataka ukoo wa kifalme uhukumiwe kwa waliowanyonga, na ana ushahidi, na yule mfalme mpya aliyesamehe ndiye mrithi wa ukoo huo. Mfalme mwema pekee waliowahi kuwa naye. Mashujaa watamtetea vipi mbele ya mtu mwenye madai ya haki na nguvu ya kuivunja ngome kwa neno?

Na nikuongezee mwenzake. Ule uchawi wa Ombi, mkubwa kuliko wote: ukiutumia kuiga uchawi mwingine huna neno, lakini ukiomba jambo lako mwenyewe kuna asilimia 33 kwamba hutaweza kuutamka tena maishani. Kuna mchawi mwema aliyeomba tauni iondoke mjini kwake. Iliondoka, ikahamia mji wa jirani, na nguvu ile ikamtoka. Hawezi tena kurekebisha. Anahitaji mtu mwingine aombe kwa niaba yake. Kwa hiyo tangu mashujaa wakiwa levo ya 1 amekuwa akiwalea: ndiye mzee aliyewapa kazi ya kwanza, ndiye aliyewanunulia vitabu. Wamefika levo ya 17 na sasa anakuja kudai. Anachoomba ni rekebisho, na rekebisho linairudisha tauni kwenye mji wake wa asili, ambako vitukuu vya aliowaokoa wanaishi. Anajua. Anaona ndiyo haki, deni lirudi kwa waliokopa. Wachezaji wakikataa, anao wanafunzi wengine anaowalea, na wale wako levo ya 16.

Mchangiaji wa nne

Habari zenu. Mimi ninaongoza meza ya wachezaji watano na kuhani wetu ni dada mwenye maswali. Kila kukicha anamwuliza mungu wake: ni fulani? Yuko mashariki? Anatudanganya? Fumbo la vikao vitatu linaisha kwa dakika kumi. Nimechoka kubuni majibu ya mafumbo na sipendi kumdanganya.

Mleta uzi

Mkuu, usimdanganye kabisa. Mchezaji anayeuliza anakuambia kwamba dunia yako imemwingia.

Kanuni zinakulinda kiasi: ni maswali 3 ya ndiyo au hapana, mungu anaweza kujibu kwamba halijui jambo hilo, na akirudia kabla ya kulala kuna uwezekano wa asilimia 25 kukosa jibu, unaoongezeka kila akirudia. Adui wa hadhi hii naye anajikinga. Uchawi wa kufunika akili ni wa daraja la 8, unadumu saa 24, na hakuna uaguzi unaompata. Lakini ukiufanya ukuta kila mara utamvunja moyo.

Badala yake, mpe ukweli mapema na ujenge tatizo juu ya ukweli huo. Nani muuaji? Fulani, ndiyo. Sasa fulani ndiye anayeushikilia mhuri unaozuia kuzimu isimwagike, na akifa unavunjika. Utafanyaje? Hakuna swali la ndiyo au hapana litakalomtoa hapo. Levo za chini fumbo ni nani aliyefanya. Levo za juu wanajua nani, wanajua wapi, na fumbo ni wafanye nini na wanachokijua.

Tena mungu anayejibu naye ana maslahi. Chukua malkia wangu anayetaka kumwua mungu wa mauti. Kama kuhani wako anamtumikia mungu huyo na akamwuliza, "Je, unaogopa?", utampa jibu gani? Usiku huo kuhani wako hatalala vizuri.

Na kuna ushahidi usiohitaji uaguzi. Upo uchawi wa kuzuia mahali pasiingiliwe kwa kujihamisha. Ukitamkwa hapo hapo kila siku kwa siku 30 mfululizo, unadumu. Maana yake, kabla ngome ya adui haijawa salama, kuna kuhani aliyeonekana akiingia humo kila siku kwa mwezi mzima. Wapika jikoni wamemwona. Hapo anayefaa ni mchezaji anayejua kuongea na watu.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu narudi. Nimekaa na yule shujaa wa mke aliyekataa. Nataka awe amejiandalia mwili wa akiba, ule unaokomaa kwa siku 120, ili wakimwua arudi. Naogopa wataona nimewachezea shere. Na mwisho wake sijauona. Wakimwua, mke atakuwa naye kule kule alikokimbilia ili asiwe naye. Wakimwacha, anaivunja pepo.

Mleta uzi

Umelishika penyewe mkuu, na sikuwa nimelifikisha huko. Kumwua ni kumpeleka kwake. Mwambie mke alitamke hilo kwa kinywa chake wachezaji wakienda kumwona: "Mkimwua mtamleta hapa." Kuanzia hapo upanga si jibu tena.

Mwili wa akiba uweke, ila wakute dalili zake kabla ya pambano la kwanza. Chombo kikubwa kilichoagizwa, almasi ya dhahabu 1,000 isiyo kwenye daftari la ufufuo wowote. Wakipuuza dalili, akirudi watajua ni wao. Wakiufuatilia na kuuharibu, waache wafurahie, wameushinda mpango wake kweli. Na usimfanye aurudie mwili ule kwa hila tu: afe makusudi. Aende kule roho inakokwenda kwa muda mfupi kadiri utakavyoamua, amwone mkewe kwa mbali, kisha avutwe kurudi. Kila kifo chake ni ziara. Hilo litawaeleza wachezaji kwa nini hakujitetea raundi ya mwisho.

Kuhusu mwisho, usichague wewe. Andaa watu, siyo hitimisho. Weka wazi mambo matatu: mke yuko tayari kuongea naye mara moja ikiwa kuna atakayemhakikishia kwamba hatachukuliwa kwa nguvu, mume amebakiza mtu mmoja hai anayemheshimu, labda kuhani yule aliyesoma maneno siku almasi zilipogeuka vumbi, na silaha ya kuivunja pepo inahitaji mtu aliyewahi kuishi humo na kurudi, yaani mmoja wa mashujaa wako aliyefufuliwa. Hicho cha tatu kinakuhakikishia kwamba adui atawafuata wao, hutahangaika kuwaburuza.

Halafu rudi kwa mchezaji aliyejibu lile swali, kwa nini alikubali kurudi. Kikao kinachofuata mpe yeye zamu ya kwanza. Ukimaliza njoo utusimulie hapa, nami nitaandika sehemu ya malkia na kile kijiji kisichokufa, maana kuna watu wameniandikia wanataka ramani ya vikao vyake.